Kumbukumbu "Isiyotumika": Uchunguzi wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Katika lugha ya ofisi zetu na ya karakana za mafundi wa kompyuta limeenea tamko moja ambalo twaona wakati umewadia wa kulitia katika mizani. Tamko lenyewe ni "kumbukumbu isiyotumika". Husikika hasa pale mtu anapoinunulia kompyuta yake kuukuu vipande vya kumbukumbu vya ziada, vile ambavyo mafundi huviita RAM, akavipachika mahali pake, akaiwasha mashine, nayo ikamwonyesha kwamba imepewa gigabaiti 4 lakini inazoweza kuzitumia ni 3.25 tu. Kiasi kilichosalia mfasiri hukiita "kumbukumbu isiyotumika". Karani wa bohari hukiandika "mbovu". Fundi naye husema kwamba mashine "haiisomi". Watu watatu wanatazama jambo moja na kulipa majina matatu, na kwa maoni yetu hakuna hata moja kati ya majina hayo linalomwelekeza mtu kwenye dawa.

Pengine msomaji ataona kwamba hili ni jambo dogo la mafundi, lisilostahili kurasa za jarida la istilahi. Sisi hatuoni hivyo. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikia mwisho wa muda wa kawaida wa kuuhudumia mfumo endeshi wa Windows 10, na mfumo ulioufuata, yaani Windows 11, huzikataa mashine nyingi za zamani. Ofisi au shule yenye kompyuta za zamani imebakiwa na njia mbili: kununua mpya, au kuzirefushia maisha zile zilizopo, na mara nyingi hatua ya kwanza ya kuzirefushia maisha ni kuziongezea kumbukumbu. Kwa mtu aliyeko Bukoba au Muleba hatua hiyo ina gharama yake. Kifaa kikiagizwa Dar es Salaam kitasafiri zaidi ya kilomita 1,300. Kikiagizwa Mwanza kitalizunguka Ziwa Viktoria kwa barabara au kulivuka kwa meli. Kifaa hicho kikifika, kikapachikwa, kisha nusu yake ikaandikwa katika leja kuwa ni "mbovu", kitawekwa kabatini kikingojea siku ya kufutwa pamoja na viti vilivyovunjika miguu, ilhali ni kizima. Kosa hapo si la fundi wala la karani. Ni la neno.

Na tuanze na hilo "isiyotumika", kwa kuwa ndilo linalopendwa zaidi na wafasiri, na ndilo lenye sura ya usanifu. Ubaya wake umo ndani ya sarufi. Kiambishi -ik- katika kitenzi cha Kiswahili kina kazi mbili zinazokaribiana: huonyesha hali ambayo kitu kimo, na huonyesha uwezekano wa kitu kutendwa. Tukisema "kikombe kimevunjika" twataja hali. Tukisema "maandishi haya yasomeka" twataja uwezekano. Katika vitenzi vingi maana moja huizidi nyingine nguvu, na msikilizaji hapotei. Lakini "tumika" imebeba zote mbili kwa uzito ulio sawa. Ukiona mlangoni pameandikwa "Chumba hiki hakitumiki", hujui kama chumba hakina mtu wa kukitumia kwa sasa, au kina nyufa na haifai mtu kuingia. Zaidi ya hayo liko tumika la utumishi, ambalo Walutheri wa Bukoba hulisikia kila mara inapotajwa miaka ambayo mchungaji ametumika katika usharika fulani. Maana hiyo ya tatu haitusumbui hapa, ila yaonyesha jinsi kitenzi hiki kilivyokwisha kulemewa.

Sasa utata huo upelekwe kwenye kompyuta. Mashine huonyesha, kila wakati, kiasi cha kumbukumbu ambacho programu hazijakichukua bado, kiasi kilicho wazi kikingojea kazi. Kiasi hicho nacho ni "kumbukumbu isiyotumika", na kwa Kiswahili safi kabisa! Ni habari njema, kwa maana mashine ina nafasi ya kupumua. Kinyume chake, kiasi ambacho mashine haiwezi kukigusa kamwe, hata kazi zikizidi namna gani, ni habari mbaya. Mwalimu wa TEHAMA anayewasomea wanafunzi wake kwamba kompyuta ina "gigabaiti 1 isiyotumika" anaweza kuwa anawapa habari njema au mbaya, na wanafunzi hawana njia ya kujua ni ipi. Istilahi inayobeba habari mbili zinazopingana imeshindwa kazi yake ya kwanza. Twashauri basi kwamba kiasi kilicho wazi kiitwe kumbukumbu tupu au kumbukumbu iliyo wazi, na neno "isiyotumika" liachwe kabisa katika uwanja huu.

Huu ndio upande ulio mwepesi. Upande mgumu ni kuipatia jina ile isiyogusika, na hapo hatuwezi kwenda mbele bila kueleza kinachotokea ndani ya mashine. Kwani mtunga istilahi asiyejua jinsi kitu kinavyofanya kazi hukipa jina kwa kutazama sura yake tu.

Kila baiti ya kumbukumbu ina anwani yake, mithili ya sanduku la posta lenye nambari. Mashine haiwezi kupeleka wala kuchukua kitu mahali pasipo na nambari. Mfumo endeshi wa biti 32 huandika nambari hizo kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na nambari zinazoweza kuandikwa hivyo ni 4,294,967,296, basi. Hesabu hiyo ni sawasawa na gigabaiti 4. Mtu angedhani kwamba gigabaiti 4 za kumbukumbu zitapata nambari zote na mambo yatakwisha. Lakini nambari hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Kadi ya picha, kadi ya mtandao na vifaa vingine vya ndani navyo hudai anwani, na hupewa zile za juu. Kipande cha kumbukumbu ambacho kingekaa kwenye nambari hizo hubaki bila nambari. Kipo, ni kizima, kinapata umeme, lakini hakuna barua inayoweza kukifikia.

Kinachomzuia mtu hapa chaweza kuwa kimojawapo cha vitu vitatu, na fundi asipovitenganisha atatibu ugonjwa usiokuwapo. Pengine kizuizi ni mfumo endeshi wenyewe. Mfumo wa Windows wa biti 32 uliotengenezwa kwa watumiaji wa kawaida hauvuki gigabaiti 4, ingawa prosesa za Intel ziliweza kuvuka mpaka huo tangu Pentium Pro ya mwaka 1995. Na Linux ya biti 32 iliyotayarishwa kwa ajili hiyo huuvuka. Dawa ya hapo ni kubadili mfumo endeshi, si kubadili kipande. Pengine kizuizi ni mpangilio: katika BIOS za mashine nyingi umo uchaguzi wa kuihamishia kumbukumbu iliyokosa nambari kwenye nambari za juu zaidi, nao ukiwa umezimwa, hata mfumo wa biti 64 hautafua dafu. Katika Windows pia kuna kisanduku kinachoweka kiwango cha juu cha kumbukumbu wakati wa kuiwasha mashine, na mtu aliyepita hapo zamani akiwa na sababu zake, au bila sababu, huenda alikitia alama. Pengine, mwisho, kizuizi ni ubao mama, yaani ule ubao mkuu ambao vifaa vyote hupachikwa. Mbao zilizojengwa juu ya chipu za Intel za kundi la 945, zilizotoka mwaka 2005, hukubali gigabaiti 4 zipachikwe lakini hazina njia ya kuzihamisha zile zinazokosa nambari. Kwa mbao hizo hakuna mfumo endeshi utakaosaidia. Mwenye mashine ya namna hiyo aambiwe mapema, kabla hajatoa fedha.

Katika hali zote hizo tatu kumbukumbu yenyewe haina kasoro, na neno "mbovu" ni uzushi. Neno tunalolipendekeza sisi ni isiyofikika. Si neno la kubuni. Mwananchi yeyote wa Kagera hulijua tangu utotoni, maana mvua za masika zikizidi husema barabara haipitiki na kijiji fulani hakifikiki. Na ziwa likichafuka, watu wa Muleba husema vivyo hivyo juu ya visiwa vya Goziba na Bumbire. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kijiji kisichofikika ni kibovu, wala kwamba kimeondoka wilayani. Kasoro iko njiani. Neno hilo lina faida nyingine ya kisarufi: -ik- iliyomo katika "fikika" hubeba uwezekano tu, wala haina ule utata wa "tumika". Na lina faida iliyo kubwa zaidi, kwamba humfanya msikilizaji aulize mara moja, "Njia imefungwa wapi?" Hilo ndilo swali hasa ambalo fundi apaswa kujiuliza.

Wako wenzetu watakaosema kwamba twawachosha watu kwa kugawa neno moja kuwa manne au matano. Kwao twataja jinsi wenyeji wa Bukoba na Muleba wanavyoigawa ardhi katika Kihaya. Shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba ni kibanja. Sehemu ya kando, ambako hulimwa mihogo, mahindi na mazao mengine ya msimu, ni kikamba. Uwanda wa nyasi ulioko nje ya hapo ni rweya. Mgeni akitazama rweya aweza kusema kwamba ni ardhi isiyotumika, mwenyeji atamshangaa. Huko ndiko zilikotoka nyasi za kuezekea nyumba na za kutandaza migombani, na huko ndiko zilikolimwa njugu mawe. Haikuwa ardhi mbovu wala haikuwa tupu: ilikuwa ardhi yenye kazi nyingine. Mkulima aliyezitenganisha hizo tatu hakufanya hivyo kwa kupenda maneno. Alitaka kujua mahali pa kupeleka jembe.

Mfano huo watupeleka kwenye aina nyingine ya kumbukumbu ambayo tafsiri iliyoenea huitia katika kapu lilelile. Kompyuta nyingi za bei nafuu hazina kadi ya picha yenye kumbukumbu yake. Picha huchorwa kwa kukopa sehemu ya kumbukumbu ya mashine, mathalan megabaiti 128 au 256. Sehemu hiyo hutolewa katika hesabu ya ile inayoweza kutumiwa na programu, na kwa hiyo mfasiri huiita nayo "isiyotumika". Hapa kosa si la utata tena, bali ni la kusema kisichokuwa kweli. Kumbukumbu hiyo inatumika kila sekunde. Isingetumika, mtu asingeona hata hilo tangazo linalomwambia kwamba haitumiki. Jina lake la haki ni kumbukumbu iliyotengwa. Mwenye mashine akitaka, aweza kuipunguza katika BIOS, hasa ikiwa kazi yake ni kuandika barua na kujaza majedwali.

Wapo waliowahi kutumia "kumbukumbu ya hifadhi" kwa jambo hili, wakiongozwa na maana ya hifadhi kama eneo lililozuiliwa. Twaelewa walikotoka: mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na watu wa Muleba wajua vema maana ya ardhi iliyotengwa. Lakini katika kompyuta neno "hifadhi" limekwisha kupewa kazi ya kuweka faili katika diski. Halifai kupewa kazi ya pili, tena katika chumba kilekile.

Hapo twagusa kidonda cha zamani. Neno "kumbukumbu" lenyewe lingeweza kulalamikiwa. Tangu kitabu cha tano cha Biblia kilipoitwa Kumbukumbu la Torati, na tangu ofisi zilipoanza kuweka kumbukumbu za vikao, neno hili limekuwa likimaanisha kitu kinachowekwa ili kisisahaulike. RAM husahau yote mara umeme ukikatika. Lau tungekuwa tunaanza upya, pengine tungetafuta neno lingine. Lakini neno limekwisha kuota mizizi, na kuling'oa kungeleta hasara kuliko faida. Tunachodai ni mpaka tu: kumbukumbu iwe ile ya RAM, hifadhi iwe ile ya diski, na wafasiri wasizichanganye. Mtu ambaye diski yake imejaa akiambiwa "kumbukumbu imejaa", atakwenda kununua RAM, ataipachika, na diski itabaki imejaa vilevile. Simu za mkononi zimelizidisha jambo hili, kwani huko "memori" ni yote mawili, na mazoea hayo huingia katika kompyuta bila kubisha hodi.

Tumeliacha "haisomi" la mafundi hadi sasa kwa kuwa twalistahi. Ni neno lililozaliwa kazini, fupi, na lina uaminifu ambao "isiyotumika" haina: husema wazi kwamba kushindwa kuko kati ya mashine na kipande, bila kukihukumu kipande. Upungufu wake ni kwamba hutaja dalili peke yake. Mashine isiyoisoma RAM yaweza kuwa imepachikwa kipande ambacho hakikukaa sawasawa. Yaweza kuwa na vumbi au kutu katika meno ya shaba. Yaweza kuwa imepewa kipande chenye chipu za ujazo ambao ubao wa zamani haukufundishwa kuutambua, ukaona nusu yake au usione kitu. Na yaweza kuwa imepewa kipande kilichokufa kweli. Kadhalika, kusoma na kuandika ni istilahi rasmi za kazi ya kumbukumbu yenyewe. Twaona neno hilo liachwe libaki mdomoni mwa fundi, na katika maandishi patumike isiyotambulika, kwa kumbukumbu ambayo BIOS yenyewe haikuiona tangu mashine ilipowashwa.

Tofauti kati ya isiyotambulika na isiyofikika ni ya maana sana kazini, na twasikitika kwamba hatujaikuta katika orodha za istilahi zilizotufikia. BIOS ikitaja gigabaiti 4 zote na mfumo endeshi ukatumia 3.25, kumbukumbu imetambulika lakini haifikiki, nayo kazi ya bisibisi haipo: fundi aende kwenye mfumo na mipangilio. BIOS ikitaja 2 pale palipopachikwa 4, kumbukumbu haikutambulika, na hapo ndipo kifuniko kifunguliwe. Kipande kimoja kipachikwe peke yake, kisha kingine, kila kimoja katika kila nafasi. Meno yasafishwe kwa kifutio cha kawaida cha penseli. Kipande kikisomeka katika nafasi moja na kukataa nyingine, lawama ni ya nafasi. Kikikataa zote, kijaribiwe katika kompyuta nyingine ya aina inayokipokea, maana kipande cha DDR3 hakiingii katika nafasi ya DDR2, na mwenye kukilazimisha atavunja vyote viwili.

Baada ya hayo yote ndipo neno mbovu lipewe ruhusa ya kuingia. Kumbukumbu mbovu ni ile iliyotambulika na kufikika, lakini hukosea: huandikiwa neno moja na kurudisha jingine. Kosa la namna hiyo halionekani kwa kutazama kiasi kilichoandikwa kwenye kioo. Hujulikana kwa programu ya kupimia, kama ile ya Memtest86, iachwe ifanye kazi kwa saa kadhaa au usiku kucha. Hutokea kwamba mashine inayoonyesha gigabaiti zote bila upungufu ndiyo yenye kumbukumbu mbovu, na ile inayoonyesha pungufu ina kumbukumbu nzima kabisa. Neno lililoenea huwafanya watu wadhani kinyume.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, imekuwa desturi kwamba istilahi hutafutwa kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo nje. Katika hatua ya pili Bukoba imekwisha kutoa mchango ambao kila mwalimu wa sarufi huutumia: neno ngeli latoka Kihaya, ambako maana yake ni aina ya kitu. Kwa jambo lililo mbele yetu, hata hivyo, hatuoni haja ya kuvuka hatua ya kwanza. Kutambulika, kufikika, kutengwa, kuwa wazi na kuwa mbovu ni maneno ambayo mtoto wa darasa la tano huyajua. Kilichokosekana ni mtu wa kuyagawia kazi.

Twajua kwamba neno "isiyofikika" litaletewa shaka moja ya haki. Faili lililofungwa kwa nywila nalo halifikiki, na ukurasa wa mtandao uliozimwa haufikiki. Je, hatujaondoa utata mmoja tukaleta mwingine? Twaona hapana, maana katika mifano hiyo yote kitu kipo, kizima, na njia ndiyo iliyofungwa. Maana ni ileile, uwanja ndio tofauti. Panapohitajika ukamilifu, kama katika hati za zabuni, mfasiri aandike kumbukumbu isiyofikika kwa kukosa anwani.

Kwa upande wa watumishi wa umma, twapendekeza kwamba fomu za kupokelea vifaa vya kompyuta zisiwe na safu moja iliyoandikwa "kinafanya kazi / ni kibovu", bali ziwe na nafasi ya kuandika kiasi kilichopachikwa, kiasi kilichotambuliwa na BIOS, na kiasi kinachofikiwa na mfumo endeshi, pamoja na kutaja kama mfumo huo ni wa biti 32 au 64. Karani si lazima ajue sababu za tofauti kati ya tarakimu hizo. Akiziandika kama alivyoziona, fundi atakayezisoma miezi sita baadaye, hata kama yuko Mwanza, ataweza kusema kifaa kirudishwe kazini au kiondolewe.